Mguu wa Kulia

Asubuhi ya tatu ya Julai, Mwalimu Jepkemboi alinyoosha mkono kwenye kishubaka cha bafuni kutafuta sabuni yake, akapapasa, akagusa saruji tupu. Hakuuliza. Alikaa tuli juu ya kiti cha plastiki alichowekewa tangu avunjike nyonga, maji ya vuguvugu yakimteremka mgongoni, akakumbuka vizuri alivyoviona vitu vyake Jumapili: vipande vinne vya sabuni ndani ya kabati, na kimoja hapa, kimeanza kuliwa na maji. Sasa hapa hapakuwa na kitu, na alikuwa na hakika hata kabatini hapakuwa na kitu.

"Leo nimekuletea hii nyingine, Mama," Nasambu alisema nyuma yake, kwa ile sauti yake ya chini. "Haina manukato. Tutatumia kwapani tu na pale panapohitaji. Miguu na mikono tutaimwagia maji basi."

Jepkemboi akaitikia kwa koo. Alikuwa na miaka sabini na moja, na sabuni ile yenye harufu ya waridi alikuwa ameitumia tangu mwaka alioajiriwa. Wiki iliyopita huyu mwanamke alimwambia kwamba sabuni hiyo ndiyo inayomkausha ngozi wakati huu wa baridi, naye akamjibu kwamba ngozi hiyo ilioshwa kwa sabuni hiyo kabla Nasambu hajazaliwa. Alidhani mambo yameishia hapo.

Baridi ya Eldoret mwaka huo ilikuwa kali. Mtaa mzima wa Pioneer uliamka umefunikwa na ukungu, waendeshaji wa bodaboda wakajifunga mashuka vifuani, na jua likatoka saa tano kwa kusitasita. Miguu ya Jepkemboi ilikuwa imeanza kupauka tangu Juni, ikatoa magamba madogo meupe yaliyobaki kwenye shuka kila alipoamka, na muwasho ukampanda kutoka vifundoni hadi magotini.

Nasambu alikuwa ameletwa na Kiprono, mwanawe wa pekee. Jepkemboi alipoteleza karibu na tangi la maji mwezi wa Aprili, Kiprono alikuja kutoka Nairobi, akakaa wiki mbili, kisha kazi ikamwita. Kabla ya kuondoka akatafuta mtu wa kumtunza mamake. Akapata huyu mama wa Kimilili, wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye begi moja na cheti cha chuo cha utunzaji wa wagonjwa. Cheti chenyewe Kiprono alitumiwa picha yake kwenye simu, akasema kiko sawa. Kiprono alikuwa mhandisi wa barabara, na karatasi alizisoma kama anavyosoma mabango ya njiani, akiwa anapita.

Jepkemboi hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa amefundisha sayansi Burnt Forest miaka kumi na tisa, saba kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, na mwaka wa fujo za uchaguzi, nyumba yake ilipochomwa, alijifunza kwamba hata mtu uliyekula naye ugali anaweza kuwaonyesha wachomaji nyumba yako kwa kidole. Alihamia mjini na mumewe, akamzika mumewe hapohapo mjini, na tangu wakati huo alipenda kujua kila kitu ndani ya nyumba yake kiko wapi na kimefikaje pale.

Na sasa vitu vilikuwa vikisogea. Kwanza maji ya moto. Alizoea kuoga maji yanayotoa mvuke, yanayomfanya apumue kwa nguvu. Nasambu alimletea maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, akayapima kwa kiwiko, na baada ya dakika tano akasema yatosha. Kisha jiko la makaa, ambalo Jepkemboi alipenda liwekwe karibu na miguu yake hadi mapaja yawe moto, likasogezwa mpaka pembeni mwa mlango. Kisha fulana yake ya sufu, iliyomkaa mwilini kila mwezi wa Julai, ikawekwa juu ya nguo ya pamba badala ya kuvaliwa chini. Kisha maji ya kunywa, glasi baada ya glasi, kama vile mtu anataka ashinde chooni siku nzima.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni ule mkebe. Nasambu alikuwa na mkebe wa bati uliowahi kuwa wa kakao, karatasi yake imebanduliwa, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Hayakuwa na jina wala harufu. Kila asubuhi, kabla Jepkemboi hajatoka bafuni, mlango ukiwa umefungwa, Nasambu alimgusagusa kwa taulo bila kumsugua, akamwacha na unyevu, halafu akachota yale mafuta kwa vidole viwili na kumpaka kuanzia nyayo kwenda juu. Mafuta juu ya maji. Katika maisha yake yote Jepkemboi hakuwa amemwona mtu akipaka mafuta juu ya ngozi ambayo haijakauka.

Siku moja alimwuliza ndani ya mkebe mna nini. Nasambu akasema ni mafuta tu ya kawaida, amechanganya mwenyewe. Jibu hilo lilimkalia Jepkemboi vibaya. Miaka yote darasani, mtoto aliyesema "ni vitu vya kawaida tu, Mwalimu" alikuwa na kitu mfukoni.

Basi Jumanne iliyofuata, Nasambu alipokwenda sokoni kununua mboga, Jepkemboi alijikokota kwa fimbo mpaka bafuni, akachota kijiko kimoja cha yale mafuta na kukitia katika kichupa kitupu cha dawa. Akampigia simu dereva wa teksi. Duka la dawa la Walubengo lilikuwa pale kwenye kona, hatua mia moja tu, lakini Walubengo na Nasambu walisalimiana kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kila walipopitana, na Jepkemboi hakutaka swali lake lifike nyumbani kabla yake. Alikwenda mpaka katikati ya mji, kwa Kipchumba, mfamasia aliyekuwa mwanafunzi wake tangu darasa la tano.

Kipchumba alimtafutia kiti, akamwuliza hali ya nyonga, kisha akafungua kichupa. Alinusa. Akajipaka kidogo mgongoni mwa kiganja, akausogeza mkono kwenye mwanga wa dirisha, akasugua kwa kidole gumba.

"Mwalimu, hii naona ni jeli ile ya kawaida ya kujipaka, isiyo na manukato, imelainishwa na mafuta ya alizeti," alisema. "Mtu amefanya hivyo ili isivute ngozi iliyochoka. Ni kazi nzuri."

Jepkemboi akamwuliza kama anaweza kuapa hakuna kingine ndani. Kipchumba akacheka kidogo, akasema pua na macho haviwezi kuapa. Akamweleza kwamba wako watu wanaochanganya dawa kali za upele ndani ya mafuta ya kujipaka. Ngozi hung'aa haraka, kila mtu anasifu, halafu baada ya miezi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara na kuvia damu kwa kuguswa. Lakini hakusema Nasambu amefanya hivyo. Aliomba kuona mguu, Jepkemboi akapandisha sketi kidogo, naye akainama na kuutazama. Magamba yalikuwa yamepungua. Hapakuwa na wekundu wala alama.

"Kama ni mimi," Kipchumba alisema akiinuka, "ningemwuliza tu mwenyewe ametia nini, nikamwambia achanganye mbele yangu."

Ushauri huo haukumpendeza. Kumwuliza mshukiwa ni kumpa nafasi ya kuficha. Ndani ya teksi, akitazama mvua nyepesi ikilowesha kioo, Jepkemboi alipata njia yake mwenyewe. Alikuwa ameifundisha mara nyingi kwa maharagwe yaliyopandwa kwenye mikebe miwili, mmoja dirishani na mwingine kabatini. Ukitaka kujua kitu kinafanya nini, unahitaji viwili, na kimoja unakiacha.

Miguu alikuwa nayo miwili.

Siku iliyofuata akaanza. Nasambu alimwogesha na kumpaka kama kawaida, miguu yote, akamvisha, akamkalisha sebuleni, kisha akatoka kwenda kuanika nguo. Hapo Jepkemboi akatoa chini ya mto kitambaa, chupa ya chai yenye maji ya moto, na kipande cha sabuni yake ya waridi alichorudi nacho kutoka hospitalini, ambacho kilikuwa kimesahauliwa ndani ya mkoba. Akaufuta mguu wa kulia mpaka mafuta yote yakaisha. Akauosha kwa maji ya moto na sabuni, kwa namna alivyoosha miguu yake maisha yake yote, akaukausha kwa kusugua, akavuta soksi. Mguu wa kushoto akauacha kwa Nasambu.

Alifanya hivyo kila siku. Ilikuwa ni furaha ya ajabu, siku za kwanza. Tangu kuvunjika alikuwa mtu wa kuinuliwa na kugeuzwa. Sasa alikuwa na kazi, na siri, na jambo la kungojea. Kama mguu wa kushoto ungeng'aa kupita kiasi, kama ungeanza kuvia, angempigia Kiprono akiwa na ushahidi mkononi.

Siku ya nne muwasho ukarudi mguu wa kulia. Akajiambia ni mazoea. Siku ya sita ngozi ikawa na mistari, kama tope la bwawa linapokauka, na alipoivuta soksi vumbi jeupe likaanguka juu ya zulia. Mguu wa kushoto ulikuwa umetulia. Haukung'aa, haukuwa mwembamba. Ulikuwa tu mguu wa mwanamke mzee aliyekaa vizuri. Jibu lilikuwa pale mbele yake, na kama angekuwa darasani angeliandika ubaoni na kupiga mstari chini yake. Lakini hakuacha. Alijiambia siku sita ni chache. Alijiambia huenda dawa kali bado haijaonyesha. Ukweli ni kwamba alikuwa amejiandaa kumkamata mtu, na kurudi mikono mitupu kulimchoma.

Nasambu aliuona mguu siku ya saba. Alipiga magoti pale bafuni akaushika kisigino, akautazama, akautazama na wa pili, na Jepkemboi akaona uso wake umebadilika. Aliuliza kama kuna ganzi. Aliuliza kama usiku unauma, kama vidole vinakuwa baridi, kama kuna mtu kwao aliyekuwa na sukari. Jepkemboi alijibu hapana kwa kila swali, akimtazama kwa makini. Hofu ile aliijua. Ni hofu ya mtu ambaye jambo lake limeanza kuonekana.

Siku ya tisa ngozi ya muundi ikapasuka. Ufa mdogo tu, wenye urefu wa msumari, ukatoa damu, na kesho yake kingo zake zikawa nyekundu na za moto. Nasambu akataka waende hospitali siku hiyohiyo. Jepkemboi akakataa, akasema amechoka na hospitali. Nasambu hakubishana. Aliusafisha ufa kwa maji ya chumvi, akaufunga, kisha akakaa jikoni muda mrefu bila kuwasha redio, na chakula chake kikabaki sahanini. Alikuwa akiandika kitu. Jepkemboi alimwona kupitia upenyo wa mlango: daftari dogo la kijani, kalamu, kichwa kimeinama.

Daftari hilo hakuwa ameliona kabla. Lilimnyima raha siku nzima. Kesho yake, Nasambu alipoomba ruhusa kwenda kwa Walubengo kununua bandeji na dawa ya kidonda, Jepkemboi alisikia geti likifungwa, akachukua fimbo, akaenda katika chumba cha mwanamke huyo. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Alilivuta kwa mpini wa fimbo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalifungua.

Juu kabisa kulikuwa na sabuni zake. Vipande vyote vinne, na kile cha tano kilichoanza kuliwa, kimefungwa peke yake kwenye gazeti ili kisilowanishe vingine. Moyo wa Jepkemboi ukaruka kwa kitu kilichofanana sana na shangwe. Chini ya sabuni kulikuwa na lile daftari. Akalifungua akitarajia orodha ya vitu vya nyumba yake.

Ilikuwa orodha ya siku. Kila siku ilikuwa na mistari miwili mitatu, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu kwa nguvu. Maji vuguvugu, dakika tano. Amekunywa glasi sita. Mikono imelainika, kiwiko cha kushoto bado. Alilala vizuri, hakujikuna. Kurasa zilikwenda hivyo tangu Mei. Halafu, mwezi huu: mguu wa kulia umepauka, wa kushoto sawa, mafuta ni yaleyale. Mguu wa kulia umezidi. Nimebadilisha soksi. Mguu wa kulia umepasuka. Na mstari wa mwisho, wa jana: *Sijui nimekosea wapi. Mungu nionyeshe kabla mama wa watu hajaumia.*

Jepkemboi aliusoma mstari huo mara mbili. Alitaka kulifunga daftari, lakini kati ya kurasa za nyuma kulikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne, na mkono wake ukaikunjua kabla hajaamua. Kilikuwa cheti, chenye nembo, muhuri wa zambarau na jina la Nasambu kwa herufi za kupindapinda. Kwa miaka saba vyeti vilikuwa vimepita mezani kwake, na jicho lilijiendea lenyewe mpaka chini, mahali pa tarehe. Kilikuwa kimetolewa tarehe thelathini na moja Novemba.

Akarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nasambu aliporudi alimkuta sebuleni, mikono juu ya fimbo. Alifungua bandeji, akaandaa maji ya chumvi, akapiga magoti.

"Nasambu," Jepkemboi alisema. "Novemba ina siku ngapi?"

Mikono ya Nasambu ikasimama juu ya beseni. Nje mtu alikuwa akiita wateja wa maziwa, akapita, sauti ikaisha.

"Thelathini, Mama."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Alikaa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kochi, akaeleza yote akitazama beseni. Chuo alikuwa amekwenda kweli. Alibakiza muhula mmoja na mtihani. Kisha mama mkwe wake akapooza, mume akasema hakuna mwingine wa kumtunza, akarudi nyumbani Kimilili akiwa na nia ya kukaa mwezi. Alikaa miaka minne. Alimgeuza yule mama kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na katika baridi za mlima ngozi ya yule mama ilikuwa ikipasuka kama ganda la mti, mpaka daktari mmoja wa zahanati akamfundisha habari ya maji ya vuguvugu na mafuta juu ya unyevu, na namna ya kuyalainisha kwa alizeti yasivute. Yule mama alikufa bila kidonda hata kimoja mgongoni. Nasambu alipoanza kutafuta kazi mjini, kila mlango ulitaka karatasi. Kuna mtu mmoja akamtengenezea.

"Sabuni je?" Jepkemboi aliuliza.

"Ziko zote. Nilikuambia zinakukausha, hukusikia. Nikaona nizifiche mpaka Agosti." "Mama, nifukuze, ni haki yako. Lakini huu mguu niupeleke kwanza kwa daktari. Kuna kitu kwenye huu mguu mimi sikijui, na sitalala nikiwa nimekiacha."

Hapo ndipo palipomshinda Jepkemboi. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kukana, hata kwa matusi. Angeweza kunyamaza. Mwanamke huyu angeondoka akiwa na cheti chake cha uongo, Kiprono angesifu macho makali ya mamake, na hakuna ambaye angejua kilichofanyika chini ya ile soksi. Alifikiria hilo kwa muda, na alijiona akilifikiria. Kisha akatia mkono chini ya mto wa kiti, akatoa chupa ya chai, akatoa kitambaa, akatoa kile kipande cha sabuni ambacho sasa kilikuwa chembamba kama ukucha, akavipanga juu ya meza.

"Huu mguu hauna ugonjwa," alisema. "Ni mimi. Kila siku ukitoka nje nafuta mafuta yako na kuuosha kwa maji ya moto na hii. Nilitaka kujua unanipaka nini."

Nasambu alivitazama vile vitu bila kuelewa, kisha akaelewa. Alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza Jepkemboi kumwona akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya utulivu, ya mtu ambaye hajazoea kuwa nayo.

"Siku nne," alisema. "Siku nne sijala vizuri kwa sababu ya huu mguu. Nimempigia simu daktari wa kule nyumbani mara mbili. Nilidhani nimekuua, Mama. Na wewe uko hapa unanitazama."

Jepkemboi alisema samahani, kwa sauti ndogo, neno ambalo lilikuwa halijamtoka siku nyingi, na Nasambu hakulipokea wala hakulikataa. Alikwenda chumbani, na sauti ya zipu ya begi ikasikika. Aliporudi alikuwa amevaa koti. Akaweka sabuni tano mezani, moja baada ya nyingine. Kisha akatazama beseni la maji ya chumvi lililokuwa linapoa, akatazama ule mguu ulioachwa wazi hewani na ufa wake mwekundu.

"Siachi kidonda wazi," alisema mwishowe, akivua koti. "Kikifunga, naenda."

Jioni Jepkemboi alimpigia Kiprono na kumweleza habari ya cheti. Kiprono alipandisha sauti, akasema mtu huyo aondoke kesho asubuhi, atatafuta mwingine. Mamake akamwacha amalize. Akamweleza na habari ya mguu, yote. Kisha akamwambia kwamba nyumba ni yake, ngozi ni yake, na mtu wa kumwogesha atamchagua mwenyewe, tena safari hii atasoma karatasi mwenyewe.

Kidonda kilichukua wiki mbili na siku moja. Hawakuzungumza sana siku hizo. Nasambu alimwogesha maji ya vuguvugu na kumpaka mafuta miguu yote miwili, na Jepkemboi alikaa bila kupinga, ingawa mara moja moja alijikuta akitazama vile vidole viwili vikichota kwenye mkebe, na akili yake ikaanza ile safari yake ya zamani kabla hajaikatiza. Kuacha kushuku hakukuja kwa siku moja. Siku ya nane, Nasambu alileta jeli na chupa ya alizeti sebuleni, akachanganya mbele yake bila kuombwa, akimwonyesha kiasi. Jepkemboi akauliza kwa nini hatii nyingi zaidi. Nasambu akamweleza. Likawa somo la dakika ishirini, mwalimu akiwa ni yule mwingine.

Kidonda kilipofunga, alama nyembamba ya waridi tu ikabaki. Nasambu akapakia begi. Jepkemboi alikuwa amemwandalia vitu viwili mezani. Kimoja kilikuwa barua kwa mkuu wa chuo, kurasa tatu kwa mwandiko wake wa ubaoni, inayoeleza kwa ushahidi wa macho yake kazi aliyoifanya mwanafunzi huyu kwa miezi mitatu, na kuomba aruhusiwe kumalizia muhula uliobaki. Cha pili kilikuwa kibiriti. Nasambu alielewa kibiriti ni cha nini. Alitoa cheti ndani ya daftari, wakakichomea ndani ya jiko la makaa pale mlangoni, na muhuri wa zambarau ukajikunja, ukawa kijani kwa kitambo, ukaisha.

"Ukimaliza," Jepkemboi alisema, "njoo na cha kweli. Nitakikagua."

Nasambu akasema anajua atakikagua. Karibu atabasamu. Akabeba begi lake, akaenda.

Agosti ilipita na ukungu wake. Jepkemboi alijifunza kujiogesha, akikaa juu ya kile kiti, akiyapima maji kwa kiwiko. Joyline, jirani, alikuja asubuhi kumsaidia kusimama, na alikemewa kila alipotaka kumsugua kwa taulo. Septemba shule na vyuo vikafunguliwa. Siku tatu alijizuia. Siku ya nne, saa nne asubuhi, alivaa miwani, akatafuta namba ya chuo, akapiga, akajitambulisha kama mwalimu mkuu mstaafu, na kumwuliza karani kama wana mwanafunzi wa jina la Nasambu, kutoka Kimilili, aliyerudi kumalizia.

Karani alimwomba asubiri. Zikasikika kurasa zikifunuliwa, na mtu akicheka mbali. Kisha akarudi, akasema ndiyo, yupo, alifika siku ya kwanza kabisa ya kufungua. Sasa hivi yuko darasani, je, amwite?

"Hapana, muache asome," Jepkemboi alisema haraka. "Na tafadhali, usimwambie kama nimepiga."